Aliyemkimbia Mama Driciru

Jumamosi hiyo ya mwaka 1974, baa ya Mama Driciru karibu na soko la Arua ilikuwa imejaa mpaka mlangoni, na macho yote yalikuwa kwa msichana mmoja aliyeinama juu ya meza ya biliadi. Alivaa gauni refu la maksi la kijani lenye maua ya manjano, nywele amezichana zikasimama duara kichwani, na jicho moja amelifumba. Huyo ndiye Driciru, binti wa mwenye baa. Alikuwa akivuta fimbo nyuma taratibu, bila haraka ya dunia hii, na wanaume wazima walikuwa wamesahau bia zao zikipata moto mezani.

Wakati huohuo akaingia Tahiru, fundi cherehani kutoka Koboko, ambaye mashine yake ilikuwa barazani kwa duka la pili. Alikuwa akimtafuta mteja aliyekimbia na tepu yake ya kupimia. Alivaa suruali ya bugaluu ya rangi ya kahawa aliyojishonea mwenyewe, pana chini kiasi cha kufagia njia, na viatu vya raizoni vilivyomwongezea urefu ambao Mungu hakumpa. Hakutazama mbele. Kitako cha fimbo kikamchoma tumboni barabara.

"Uwi!"

Driciru akageuka. "Wewe hapana ona watu iko nacheza?"

"Mimi naona. Tumbo yangu ndiyo hapana ona."

Baa nzima ikacheka. Driciru alijaribu kununa, akashindwa.

"Pole basi. Iko nauma?"

"Iko. Lakini nikisimama hapa karibu na wewe kidogo, itapoa."

"Ehe! Wewe najua kucheza, ama najua maneno tu?"

"Najua kushona. Hii ingine wewe utanifundisha."

Akapewa fimbo. Mchezo wa pale ulikuwa wa watu wengi, hata saba au wanane kwa pamoja, na sheria zake zilikuwa nyepesi. Kila mtu huanza na roho tatu. Ukikosa kutumbukiza mpira, roho moja imekwenda; zikiisha zote umekufa, unakaa benchi na marehemu wenzako kuwasimanga walio hai. Anayekufa wa kwanza huwanunulia wengine njugu za kukaanga. Hapakuwa na dau jingine. Watu walipenda tu kufa na kufufuka namna hiyo mchana kutwa, redio ikipiga muziki wa Kongo, jua likipenya kwenye mapazia na kulala juu ya kile kitambaa cha kijani.

Tahiru alikufa wa kwanza. Hata meza haijapata joto.

"Marehemu," Driciru akamwambia, "njugu iko kwa Mama."

Mama Driciru, ambaye jina lake hasa ni Ayikoru, alikuwa mjane mwenye mwili wake na sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara. Alikaa kwenye kigoda chake nyuma ya kaunta, uso kwa meza, asipitwe na jambo. Tahiru akamwendea.

"Mama, nipe njugu ya watu sita. Na mimi unipe ya huruma."

"Huruma hapana uzwa hapa," akasema Mama, lakini akamjazia kiganja.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumamosi, na siku nyingine ambazo hazikuwa Jumamosi, Tahiru alifunika cherehani yake mapema akaenda kufa. Walikuwa kundi lao: Okuonzi fundi baiskeli aliyepiga mpira kama mtu anayepasua kuni, Suzan karani wa tumbaku aliyecheza huku amevua viatu, Driciru, na yeye. Tahiru hakugusa pombe, alikunywa chai ya Mama yenye tangawizi. Alimtania Mama kuhusu kigoda kinacholia. Mama alimtania kuhusu bugaluu, kwamba kitambaa kile kingetosha watoto wawili. Angalia vizuri hapo, msomaji wangu, jinsi kijana huyu alivyokula na kucheka mbele ya mama wa watu. Alikuwa bado hajui kilichomo moyoni mwake.

"Mkono wako nakaza sana," Driciru alimwambia alasiri moja, mvua ikinyesha juu ya mabati na baa ikiwa na watu wachache. Alisimama nyuma yake, akaweka vidole juu ya vidole vyake. "Fimbo hapana shika kama mwizi. Shika kama unapima nguo."

"Nguo ya nani?"

"Ya mtu unapenda."

Tahiru akapiga. Mpira mweupe ukatembea polepole, ukabusu ule mwekundu, na mwekundu ukaanguka shimoni kwa sauti ndogo. Hakuna aliyeshangilia kwa sababu hakuna aliyekuwa akiangalia mpira. Mkono wa Driciru ulikuwa bado pale. Alinukia sabuni na moshi wa jikoni, na Tahiru aliona kana kwamba chumba kizima kimeinuliwa kidogo kutoka ardhini, meza, mvua, redio, vyote vikielea.

Alimpenda. Alikuwa amempenda tangu ile fimbo ya tumboni, lakini siku hiyo ndipo alipojua. Usiku ule hakulala, na asubuhi alimtuma dereva wa lori la Koboko kwa shangazi yake Hawah, aliyemlea: nimepata mtu, njoo unisemee.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna mbaya hata mmoja wa kulaumiwa.

Kwao Tahiru, Wanubi wa Koboko, mama wa msichana unayemtaka si mtu wa kutazamana naye. Ukishatuma neno la kuposa, huyo ni mkwe. Huli mbele yake, hunywi, huinami, huchezi, hutaji jina lake. Mkikutana njiani unampisha, na kama huna pa kumpisha unajificha. Kadiri unavyomheshimu ndivyo unavyokimbia mbali zaidi. Tahiru alikulia ndani ya adabu hiyo kama mtu anavyokulia ndani ya lugha, na ingemshangaza mno kusikia kwamba kuna nyumba duniani isiyoijua. Na kumwambia Driciru mwenyewe kabla shangazi hajafika kusema? Hayo kwao ni utovu wa adabu. Kwa hiyo alinyamaza, akangoja, akawa na furaha ya peke yake.

Siku ya soko alitokea kona ya wauza samaki wakavu, na mbele yake, hatua chache tu, alikuwa Mama Driciru na kapu kichwani, na Driciru nyuma yake.

"Ee, fundi!" Mama akaita kwa sauti yake ile. "Wewe napotea wapi? Chai nalala."

Tahiru akafunika uso kwa kitambaa alichobeba, akageuka, akaruka rundo la samaki, akaangusha nusu yake, na bugaluu yake ikaonekana mara ya mwisho ikipepea nyuma ya vibanda vya mitumba. Raizoni moja ilibaki katikati ya njia.

Wauza samaki walipiga kelele. Mama Driciru alisimama palepale.

"Driciru," akasema mwishowe, "mimi nimemfanyia mtu yako nini?"

 Uso wa Driciru uliwaka. Aliokota kile kiatu, kisha akakitupa tena chini.

Tahiru hakuonekana tena baani. Kesho yake baraza lake lilikuwa halina mtu, cherehani imefungwa kamba. Amekwenda Koboko, walisema, na kweli alikwenda, kumharakisha shangazi, ambaye naye alikuwa Oraba kwa mpwa wake aliyejifungua. Lakini aliyejua hilo Arua alikuwa nani? Okuonzi alisema madeni. Suzan, aliyekuwa rafiki wa kweli, alisema lililokuwa moyoni mwa Driciru mwenyewe.

"Yeye Mwislamu, nyinyi nauza pombe. Labda watu yake imesikia."

"Hiyo pombe iko hapo tangu siku ya kwanza," Driciru akasema. "Leo ndiyo nanuka?"

Ikaanza simu. Ile simu nyeusi ya kaunta, iliyokuwa ikilala wiki nzima, sasa ililia kila alasiri. Mama aliinua. "Haloo? Haloo! Sema basi!" Upande wa pili palikuwa na pumzi, halafu kimya, halafu mlio wa kukatwa.

"Hii simu imeingia shetani," Mama akasema. "Mtu iko napumua tu."

Kule Koboko, dukani kwa mfanyabiashara aliyemwazima simu, Tahiru alikuwa ameshika mkono wa simu, jasho likimtoka, kwa sababu sauti ya mkwe ilikuwa imemwingia sikioni na ulimi ulikuwa umekufa kabisa. Siku ya nne Mama alikuwa jikoni, na Driciru ndiye aliyeinua.

"Haloo?"

"Driciru! Al-hamdulillahi. Mpenzi yangu, ni wewe?"

Moyo wake uliruka, akaukanyaga. "Nani huyo? Mimi iko na mpenzi aliyekufa kwa rundo ya samaki."

"Hapana cheka. Sikia, mimi nataka kuona wewe. Toka nje, tukutane kwa Suzan, nikirudi."

"Kwa nini kwa Suzan? Hapa iko mlango."

"Wewe najua mimi hapana weza kuingia hapo tena."

"Mimi najua? Mimi najua nini, Tahiru?"

"Kwa sababu ya Mama," akasema, na alisema kwa upole wote, kwa fahari hata, kama mtu anayetoa zawadi. "Mama yako iko hapo. Mimi nitaingiaje?"

Driciru alitazama kaunta iliyopanguswa, vigoda, chupa zilizopangwa na mikono ya mama yake tangu baba alipofariki. Mikono hiyo ndiyo iliyomlea.

"Wewe naona aibu ya Mama yangu," akasema taratibu.

"Aibu, ndiyo, aibu sana, lakini wewe..."

Akaiweka simu chini. Ilipolia tena hakuna aliyeinua.

Jumapili ilikuwa inakuja na mgeni wake. Familia moja ya Aroi, watu wa heshima wenye mashamba ya tumbaku, ilikuwa imetuma neno kwa wajomba kwa ajili ya mtoto wao Ezati, kijana mpole asiye na kosa lolote isipokuwa kwamba Driciru alipofikiria uso wake alifikiria kitu kingine. Mama alimkalisha jikoni.

"Mimi hapana lazimisha wewe. Kama iko mwingine, yeye aje kabla ya Jumapili, asimame hapa mbele yangu, mimi naangalia uso yake. Mtu anayetaka mtoto yangu na uso nafunika, hapana. Kama hapana kuja, wewe utasikia watu ya Aroi."

"Hapana iko mwingine, Mama," Driciru akasema.

Alasiri ile akacheza na kundi. Alizikosa roho zake zote tatu moja baada ya nyingine, kwenye mipira ambayo hata Okuonzi angeitumbukiza. Akaketi kwenye benchi la marehemu, akalia mbele ya watu wote bila kujificha.

Suzan alivaa viatu vyake. "Kesho iko lori ya Koboko," akasema. "Twende. Wewe utukane yeye kwa uso, moyo itapoa."

Ijumaa walifika na vumbi jekundu kwenye nyusi. Mji wa Koboko ulikuwa umelala kwenye joto, wanaume wametoka msikitini katika kanzu nyeupe, harufu ya bizari na kahawa ikitoka kila ua. Nyumba ya Hawah, shangazi yake Tahiru, haikuwa ngumu kuipata. Mwenyewe alikuwa amerudi kutoka Oraba asubuhi hiyo, mama mrefu mwenye shuka la zambarau begani, akawapokea wasichana wawili asiowajua kwa maji ya kunawa kabla hata ya kuuliza majina. Hivyo ndivyo watu wake walivyo. Uani, mpwa wake mkubwa Asuman, mchinjaji mwenye shingo ya fahali, alikuwa akinywa chai.

Driciru alikuwa amejiandaa kwa matusi njia nzima. Alifungua kinywa.

Mlangoni ikasikika sauti ya kizee: "Hodi, watu wa hapa?"

Asuman aliitupa chai. Kikombe kikaenda huku, kigoda kule. Lile jitu lilikimbia uani likitafuta pa kutokea, halikupata, likapanda ua wa matete kwa mikono miwili. Kanzu ikanasa. Likaning'inia hapo, miguu ikipiga hewa, kisha kitambaa kikachanika na likaanguka upande wa jirani kama gunia la muhogo. Bibi kizee mdogo, mwembamba, akaingia taratibu, akatazama upande mwingine kwa adabu, akaketi.

Hawah alicheka hadi machozi. Driciru alimtazama yule bibi, kisha ule ua wa matete.

"Huyo bibi amemfanyia nini?" akauliza. "Kwa nini yeye nakimbia?"

"Amemfanyia nini? Amemzalia bibi!" Hawah akajipangusa macho. "Huyu ni mama ya mke yake, mwanangu. Mkwe. Mutu nakaaje na mkwe? Kwenu hapana kimbia?"

"Kwetu," Driciru akasema, "kwetu nasalimia."

Aliketi chini, palepale kwenye mkeka. Rundo la samaki lilimrudia akilini, na simu, na ile pumzi, na ile sauti ya fahari: kwa sababu ya Mama. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko, na Suzan akamkumbatia bila kuelewa. Alipoinua macho, Tahiru alikuwa amesimama mlangoni, peku, na sindano bado imechomekwa kwenye kola yake.

"Driciru. Wewe nakuja kunitukana?"

"Ndiyo."

"Tukana basi. Mimi nasikia."

"Wewe mpumbavu," akasema. "Wewe tangu lini nafanya Mama yangu mkwe, na mimi hapana niambia?"

"Tangu mvua ile."

"Na mimi iko nalala nalia! Tahiru, wewe hapana uliza mimi?"

"Shangazi ndiye nauliza. Mimi naona kila mtu najua." Akasogea karibu. "Nimekosa. Basi nauliza sasa. Wewe nataka mimi?"

 Driciru alinyoosha mkono, akaitoa ile sindano kwenye kola yake isimchome, akaishika. Waliangaliana muda mrefu, na watu wa uani wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi za kufanya.

"Mama nataka kuona uso wako," akasema hatimaye. "Kabla ya Jumapili. Akikosa, nitasikiliza watu wa Aroi. Amesema, na Mama akisema imekwisha."

Tahiru alikaa chini. "Uso yangu ndiyo siwezi kumpa. Nikisimama mbele yake macho wazi, nimemtukana. Na mimi nikimtukana mama yako, nitakuoa na uso gani?"

Jumamosi alasiri baa ilikuwa na kundi lake tu. Hawah aliingia kwa hatua za mtu aliyevaa vizuri akijua, akasalimiana na Mama Driciru kwa mikono miwili, wakakaa. Tahiru alibaki nje, nyuma ya ukuta. Driciru alisimama kando ya meza na fimbo mkononi.

Hawah alieleza yote: lori, Oraba, samaki, simu. Mama alisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hivyo shetani ya simu ni yeye."

"Ni yeye, ndugu yangu."

"Napumua kwa sikio yangu siku tatu!"

"Ni heshima."

"Hiyo heshima imetupa samaki ya watu chini." Mama aliutazama mlango. "Lakini mimi nimesema, nataka kumwona. Mtoto ni mmoja. Baba yake hapana. Nitatoaje kwa mtu sioni?"

"Na yeye hapana weza kuonekana," Hawah akasema kwa huzuni. "Nikimvuta kwa nguvu aingie, nimemvunja."

 Okuonzi alitazama chaki ya fimbo. Driciru alijua kwamba maisha yake yote yako pale kaunta, juu ya kile kigoda.

Mama Driciru akainuka. Wote waliomjua waliona jambo ambalo hawakuwahi kuliona: alikishika kigoda chake kwa mikono yake, akakigeuza, akaketi tena, uso kwa ukuta, mgongo mpana kwa baa yake yote.

"Uso nimeona miezi mingi," akauambia ukuta. "Nimeona akila, nimeona akishindwa hapana kasirika. Sasa aingie. Mimi naangalia rangi ya ukuta."

Tahiru aliingia akinyata. Suzan akampa fimbo. Hakuna aliyejua la kufanya, kwa hiyo walicheza, roho tatu kila mtu, na sauti za mipira zikajaa chumba, tak, tak, polepole, kwenye mwanga wa dhahabu wa saa kumi. Mama alisikiliza kila pigo bila kugeuka. Tahiru alikosa, akakosa tena. Hakuwa akiangalia mipira. Driciru aliizunguka meza hadi alipo, akamshika vidole.

"Koboko uliniuliza kitu," akasema kwa sauti ya kusikika hadi ukutani. "Mimi nataka. Nataka wewe, Tahiru."

Machozi yalimshuka Tahiru waziwazi, naye hakuyafuta. Mgongo wa Mama ulitikisika kidogo. Hakuna aliyeuona uso wake, wala hakuna aliyethubutu.

"Okuonzi," akasema baadaye, na sauti ile kubwa ilikuwa imepungua, "chukua baiskeli, wahi Aroi. Waambie kwa heshima, wasisumbuke kesho. Na wewe, Driciru."

"Naam, Mama."

"Chai iko jikoni. Mpelekee mkwe wangu nje, chini ya dirisha. Hapa mbele yangu hawezi kunywa."

Driciru akaenda jikoni, akamimina kikombe kimoja, akafikiri, akamimina na cha pili, akatoka navyo nje.